Dakika Arobaini hadi Illeret

Siku yangu ya kwanza kazini, kiwanja cha ndege cha Ukunda, Mkuu wa Kituo alinikabidhi rula, ramani na redio, akanionya nisiguse kitu kingine. Unapima umbali kwa rula, unaugawa kwa mwendo wa ndege, unapata muda wa kuruka. Rubani akifika katikati ya njia unamwita kwa redio, akuambie alipo. Akipitiliza muda bila habari, hutumwa ndege ya kumtafuta. Nyinyi wa simu chekeni tu. Rula yangu haikumpoteza mtu.

Nikahamishiwa Marsabit, mimi Mdigo wa Msambweni ambaye sikuwahi kuvaa sweta. Njia yetu kubwa ilikuwa North Horr hadi Illeret. Kwa gari, siku nzima ya mawe na mchanga, ukishuka mgongo si wako. Kwa ndege yetu ndogo, dakika arobaini. Rubani, Kapteni Mwinyi, alikuwa mtu wa Bodo, pwani ile ile ya kwetu, mkubwa wangu kwa umri, basi redioni tulisalimiana kikwetu: shikamoo kaka, za huko juu, mama anaendeleaje, watoto hawajambo? Tukimaliza, ameshaiona Illeret.

Meneja, bwana wa bara aliyezoea kunywa chai akiwa amesimama, alivumilia miezi mitatu.

"Hamisi, redio ni ya kuuliza ndege iko wapi," akaniambia. "Nikisikia shikamoo nyingine, utapanda basi urudi kwenu."

Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Niliogopa, sifichi. Kesho yake Kapteni alibeba muuguzi na kasha la chanjo lenye barafu, na akina mama wa Illeret walikuwa wanasubiri na watoto wao juani. Dakika ya ishirini nikabonyeza redio, nikamwambia kwa sauti kavu, bila salamu, ataje alipo.

Kapteni akauliza polepole, "Hamisi, niambie ukweli. Ni mama?"

Nikamtazama meneja, sikujibu. Kapteni akasema anageuza ndege. Meneja akanipokonya redio, akaapa hakuna msiba. Wapi! Kwetu msiba hufichwa mpaka mtu aketi chini, na Kapteni alilijua hilo. Jasho likamtoka meneja, akanirudishia redio.

"Msalimie," akasema. "Msalimie, bwana, barafu inayeyuka."

Nilimsalimia mpaka mbuzi wake. Kapteni akacheka, akashika njia, chanjo ikafika ingali baridi. Jioni meneja akaandika ukutani: North Horr hadi Illeret, dakika arobaini; salamu, mbili.

Sasa nimestaafu. Vijana wa Ukunda hunionyesha kwenye simu kwamba North Horr hadi Illeret kwa ndege ni dakika arobaini, nami huwaambia waongeze mbili. Hawanielewi.

Miaka mingi baada ya chanjo ile, kabla sijastaafu, mama yake Kapteni alifariki kweli, mwenyewe akiwa angani njia ile ile, na habari ikanifikia mimi kwanza. Nikamwamkia, nikauliza za huko juu, nikaulizia watoto, nikamalizia na hali ya mawingu. Akajibu yote vizuri. Akatua salama, akazima injini, ndipo akaniita.

"Hamisi," akasema, "leo hukumuulizia mama."