Wiki Tano za Nyumba Tupu

Nyumba ile ilikaa tupu wiki tano. Kila asubuhi nikienda kanisani nilipita mbele yake, na kila asubuhi kufuli lilikuwa palepale fundi alipolifunga, jipya, linang'aa kama limetoka dukani leo.

Mimi ni mtu wa bara. Nililetwa Pemba nikiwa kijana, kufundisha dini katika kanisa letu dogo la Chake Chake, nami nilikusudia kukaa miaka miwili tu. Sasa nina wajukuu waliozaliwa hapa, na wananicheka ninavyotamka maneno. Sisi Wakristo kisiwani ni wachache, wengi ni wauguzi, walimu, askari na mafundi walioletwa na kazi. Majirani zetu Waislamu wametuzikia wafu wetu nasi tumewazikia wao, na sahani za sikukuu zimekwenda na kurudi. Namshukuru Mungu kwa hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Kanisani tuna kamati ya watu wachache inayowatafutia makazi waliokosa pa kulala. Hatuulizi dini ya mtu. Tukipata bati, tunaezeka. Tukipata matofali, tunajenga. Tukikosa vyote, tunamtafutia mtu chumba na kumtembelea. Mwenyekiti wetu ni mama mmoja, muuguzi mstaafu, mwenye sauti ya wodini, ya mtu aliyezoea kuamuru wagonjwa wanywe dawa.

Mzee tuliyemjengea nyumba ile alikuwa mchukuzi sokoni. Alikuwa na gari lake la kukokota la magurudumu mawili, na kwa umri wake bado alibeba gunia la mchele begani kama mtu anayebeba shuka. Kibanda chake cha udongo kilikuwa bondeni, karibu na mashamba ya mpunga, na masika ya mwaka uliotangulia maji yalikilainisha ukuta mmoja mmoja mpaka paa likakaa chini. Yeye na mkewe Mungu hakuwajalia watoto. Mkewe akaenda kijijini Chokocho kwa mdogo wake, mjane anayeishi na mabinti zake katika vyumba viwili. Mwanamume hakuwa na pa kulala pale. Mzee akabaki mjini, akawa analala kwenye baraza ya duka la nafaka.

Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza nilimwuliza, je, mkewe alisema nini walipoagana.

"Kasema, 'Ntarudi siku utakayokuwa na mlango wa kufunga.'" Akacheka. Kisha akatazama gari lake, akaondoa jani lililonasa kwenye gurudumu. "Tangu nimuoe, Mwalimu, hatujalala mbalimbali ila siku alipokwenda kumzika mama yake. Sasa ni miezi kumi na moja."

Maneno hayo niliyapeleka kwenye kamati kama yalivyo, na hakuna aliyepinga. Tukapata kiwanja kidogo Tibirinzi, mahali palipoinuka, maji hayasimami. Mimi ndiye niliyepima. Fundi, kijana wa kwetu bara, alichimba msingi akainua matofali: vyumba viwili, baraza mbele, na choo nyuma uani. Mzee alikuja siku ya pili na gari lake, akataka kubeba matofali. Tulimkataza. Mwenyekiti alimwekea kiti kivulini, akamwambia, "Wewe ni mgeni wetu, baba, kaa upumzike." Akakaa kidogo, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja zamu hospitalini. Halafu akaaga. Hakurudi mpaka siku ya kukabidhiwa ufunguo.

Siku hiyo alinyanyua mikono akatuombea dua ndefu. Mimi nikaomba kwa namna yetu. Alilia, na mwenyekiti pia alilia, ingawa baadaye alisema ni vumbi la saruji.

Basi tukangoja ahamie.

Wiki ya kwanza nilimkuta sokoni. "Mzee wangu, bado?"

"Mie nangoja chokaa ikauke vyema, Mwalimu. Kifua changu hakipendi harufu ya chokaa."

Wiki ya pili alingoja kitanda. Tukampelekea kitanda. Wiki ya tatu mkewe alikuwa na mafua. Wiki ya nne hakuwa na sababu mpya, akarudia ya chokaa. Na kila mara alinishukuru kwa upole uleule, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mpaka nikaona aibu kumwuliza.

Kwenye kamati maneno yalianza kuwa makali. Kulikuwa na mama mwingine aliyetuletea shida yake, mjane kutoka upande wa Tumbe, ana watoto wanne na wanalala kwenye banda la kukaushia dagaa. Mwenyekiti akasema, "Mwisho wa mwezi. Asipoingia, tunamwomba ufunguo kwa heshima, tunampa huyu mama. Nyumba si picha ya ukutani."

Sikuweza kumpinga. Watoto wanne ni watoto wanne. Lakini nilijua kwamba tukichukua ufunguo ule, mzee hatapata mlango mwingine, na mkewe atakaa Chokocho mpaka mmoja wao afe.

Wengine walisema tatizo ni maneno ya watu. Kweli, sokoni walikuwa wakimtania. Nilisikia mwenyewe muuza ndizi mmoja akipiga kelele, "Haya, Mzee, nyumba ya kanisa hiyo! Jumapili tukuone na shati jeupe, unaimba!" Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, akaendelea kusukuma gari.

Nikamfuata. Nikamwambia wazi kwamba hatutaki chochote kwake, kwamba imani yake ni yake, na kama ni maneno hayo yanayomzuia, nitakwenda mwenyewe kusema na watu.

"Maneno?" Akasimamisha gari. "Mwalimu, mie nabeba magunia tangu sijaota ndevu. Maneno hayana uzito."

"Sasa ni nini, baba?"

Akanitazama kwa huruma. Ndiyo, yeye alinihurumia mimi. "Chokaa," akasema.

Niliomba sana juma lile. Sikuomba ahamie, niliomba nifumbuliwe macho nione nisichokiona. Na siku zilipobaki sita mwezi uishe, nikapanda gari kwenda Chokocho.

Nilimkuta mkewe uani, anachambua mchele. Mwanamke mwembamba, mchangamfu, mwenye macho yasiyokosa kitu. Alinikaribisha mkekani, tukaulizana hali na habari za watu wote tunaowajua na wengine tusiowajua, kisha akaweka ungo chini.

"Haya, Mwalimu. Umekuja kunichukua au umekuja kunipeleleza?"

Kutoka ndani mdogo wake akaitikia kwa sauti, "Mchukue, Mwalimu! Ananimalizia sukari!"

"Weye nyamaza, sukari yenyewe nimeinunua mie!"

Nikawaeleza yote. Nyumba, kitanda, chokaa, mwisho wa mwezi, mama wa Tumbe na watoto wake. Nilipofika kwenye chokaa, mke wa mzee aliziba mdomo kwa ncha ya kanga, na mabega yakaanza kutikisika. Kumbe anacheka.

"Kanieleza kwa simu," akasema alipotulia. "Siku ileile mliyompa ufunguo. Mwalimu, choo chenu kinatazama kibla."

Sikuelewa. Akachukua kijiti, akachora chini: nyumba hapa, choo pale, kaskazini, iliko Makka, kule.

"Ntu akiwa chooni haelekei kibla, wala haipi mgongo. Mnajenga choo ubavu kwa kibla, ntu akae hivi." Akageuka kando mkekani kunionyesha, na mdogo wake mlangoni akapiga ukelele wa kicheko. "Chenu, akikaa huku anaitazama, akigeuka huku anaipa mgongo. Afanyeje? Akae juu ya bati?"

Nilikaa pale na uso unawaka. Kisiwani hapa nimepanga nyumba tatu, na katika zote tatu choo kilikuwa kimekaa mashariki na magharibi. Nimekitumia kila siku ya Mungu, nusu ya maisha yangu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nami ndiye niliyepima. Nilikielekeza choo kaskazini kwa sababu moja tu, mlango usionekane barabarani, nikajiona mtu mwenye adabu.

"Lakini kwa nini hakusema?" nikauliza. "Ni neno moja tu."

"Nani? Yule? Yule akikanyagwa mguu, yeye ndiye husema samahani." Akaacha kucheka. "Ntu kakujengea nyumba, Mwalimu. Kakuwekea na kiti kivulini. Utamwambia choo chako kibaya? Heri alale barazani. Na mie nilimwambia sema, akanambia, wale watu walilia."

Akaokota ungo wake tena. Kwa muda mrefu hakutafuta mawe katika mchele ule. Aliuzungusha tu kwa kiganja.

"Nilidhani mwenyewe atazoea," akasema. "Hakuzoea. Nami siwezi kumwambia azoee jambo kama hilo."

Niliporudi nilipita moja kwa moja kwa mwenyekiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Miaka yote ile wodini," akasema, "nimewageuza wagonjwa mahututi waelekee kibla kwa mikono yangu mwenyewe. Jamaa wakiniomba, nageuza kitanda kizima. Choo kikanishinda!" Kisha akasema tuanze kesho.

Fundi hakufurahi. Sinki la choo lilikuwa limeshikwa na saruji nzuri, kazi yake mwenyewe, na kulivunja kulimwuma. "Mwalimu, choo ni choo. Shimo halijui kaskazini."

"Shimo halijui. Mzee anajua."

Akatema mate pembeni, akachukua patasi.

Kwa mzee nilikwenda mwenyewe, na njiani nilipanga maneno. Sikutaka akiri kitu. Nilimkuta ameegemea gari lake mbele ya duka la nafaka, nikamwambia, "Mzee wangu, kwenye choo nilikosea kupima. Tunakigeuza. Nahitaji mtu wa kuniletea mchanga."

Hakuniuliza nani kaniambia.

"Mchanga uko wapi?" akasema.

Alileta gari sita asubuhi ile. Safari hii hakuna aliyemwekea kiti. Alichanganya zege, alimkosoa fundi kwamba maji ni mengi, fundi akabisha, wakabishana kama watu wawili wanaojenga. Wakati wa kuliweka sinki, fundi alisimama na kipande cha mkaa mkononi, hajui aanzie wapi. Mzee akaenda katikati ya ua, akaelekea kaskazini kama anayetaka kuswali, akanyoosha mikono yake kulia na kushoto. "Hivi," akasema. Fundi akapiga mstari wa mkaa chini, kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na sinki likawekwa kwa kuufuata.

Kuhusu mama wa Tumbe, hatukuwa na nyumba ya kumpa, nami sitasema kwamba tulikuwa nayo. Tulimpangia chumba mjini kwa muda, na mpaka leo tunamtafutia matofali. Safari hii tulimwuliza kwanza anataka jiko likae wapi.

Zege lilikauka siku nne. Siku ya tano, baada ya sala ya alasiri, gari kutoka Chokocho ilisimama barabarani na yule bibi akashuka. Alikuwa na mkeka, mbuzi ya kukunia nazi, sufuria tatu zilizoingiana, na kuku aliyefungwa miguu. Mzee alipakia vyote kwenye gari lake la kukokota, ingawa kutoka barabarani hadi mlangoni ni hatua thelathini.

Bibi hakuingia ndani kwanza. Alizunguka moja kwa moja uani, akaingia chooni, akakaa humo kitambo kidogo, akatoka.

"Sawa," akasema.

Kisha akaingia nyumbani. Nilisimama barazani, nikinyoosha shati, nikidhani labda tutaomba pamoja kama siku ile ya ufunguo. Akatokeza kichwa.

"Mwalimu, mgeni wetu wa kwanza utakuwa weye. Lakini kesho. Leo nenda kwako."

Mzee, nyuma yake, alikuwa akitazama chini kama mtoto aliyesifiwa mbele ya watu. Mlango ukafungwa. Nilikuwa sijashuka baraza nilipolisikia komeo likiingia. Halafu likatoka, na likaingia tena, taratibu, kama mtu anayelijaribu.