Kungoja Jua Njombe

Nilitoka Makambako kwa sababu moja tu: Tumaini. Tulikuwa tumekubaliana kuoana, kikwazo kikabaki baba yake, mzee wa kanisa anayeishi kijijini, mbele kidogo ya Njombe mjini, ambaye hakuamini kwamba kupiga picha ni kazi. "Kazi gani hiyo ya kubonyeza?" alimuuliza bintiye. Halafu akatoa sharti: "Mwambie aje anipige picha ya kutundika sebuleni. Nikijiona, tutazungumza." Sasa niambie, ndoa yangu inategemea picha moja, na wiki hiyohiyo flashi yangu imeungua! Nikabeba kamera na sala.

Asubuhi, stendi ya Makambako. Upepo wa pale mnaujua, unakupiga kofi kabla hujasalimiwa. Nikapanda Kosta, nikakaa dirishani, na njia nzima kazi yangu ikawa kutazama mwanga. Jua lilipenya kwa ubavu katikati ya misonobari, likawaangazia watu waliokuwa wanachimba viazi. Nikajipa moyo: kwa mwanga huu hata jiwe litapendeza. Tulipokaribia Njombe ukungu ukafunga, jua sikuliona tena.

Kutoka mjini nilichukua bodaboda. Nilifika machozi yananitiririka kwa baridi, mama yake Tumaini akadhani nimeleta msiba.

"Kamwene, mwanangu, karibu. Kuna nini tena?"

Sebuleni kulikuwa giza. Umeme ulikatika tangu asubuhi, na mapazia mazito yalifungwa ili makochi yasipauke. Nikaomba tufungue pazia moja. Mama akanitazama kana kwamba nimeomba kung'oa paa. Hapo Mzee akatokea chumbani: suti nyeusi, tai, na pama pana kichwani.

"Mzee, tutoke nje, mwanga unatosha kabisa."

"Mwanga gani na ukungu huu? Picha inataka jua, kijana. Tutangoja."

Tukangoja. Jamani, kungoja jua Njombe mwezi wa sita! Mzee aliwekewa kiti uani, akakaa wima, mikono magotini. Chai ikaletwa, viazi vikaletwa. Jirani akapita, akaambiwa tunangoja jua, naye akavuta kigoda akangoja. Kila nilipofungua mdomo kueleza kwamba mwanga huu laini ndio ninaoutaka, Mzee alininyamazisha kwa kidole na kutazama juu.

Mchana jua likatoka ghafla, kali, utosini. "Piga! Piga!" wakanipigia kelele wote. Nikamsihi Mzee avue pama.

"Mzee wa kanisa nikae kichwa wazi, kama mwizi aliyekamatwa?"

Basi, nikapiga. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera: suti safi, tai safi, na chini ya kofia, giza tupu.

"Uso wangu uko wapi?"

"Umemezwa na kivuli cha pama, Mzee."

"Lakini kofia imetoka vizuri," akasema jirani. Mungu amsamehe yule bwana.

Mzee akaingia ndani. Jioni tulikula ugali jikoni, karibu na moto. Tumaini, aliyebaki Makambako, akatuma ujumbe kuuliza imekuwaje; nikazima simu. Niliumia kwelikweli. Nampenda yule binti, na nilikuwa nampoteza kwa ajili ya kofia.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hata zizi halionekani. Nilikuwa na kazi Makambako, nikaita bodaboda, nikaaga. Lakini katika nyumba ile mgeni haondoki peke yake, hata kama amewaudhi. Mzee na mkewe wakanisindikiza hadi barabarani, yeye na koti lake la shambani na buti za mpira, kichwa wazi. Nikamtazama, nikasahau baridi. Ukungu ulikuwa umelichuja jua kama shuka jeupe lililotandazwa angani, mwanga umemzunguka usoni pande zote, kila mkunjo unaonekana, macho yanang'aa.

"Mzee, niruhusu nipige moja ya kujaribu."

Akacheka. "Piga tu. Jua hakuna, haitatoka."

Kwa kuwa aliamini haitatoka, hakujikaza. Aliendelea kumsimulia mkewe habari za ndama, na alipogeuka kuona kama nimemaliza, nikabonyeza. Nikampa kamera.

Akatazama, akasogeza karibu, akatazama tena.

"Mbona nimezeeka hivi?"

Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi. Mkewe akachungulia.

"Ndivyo ulivyo. Tunaokutazama kila siku ni sisi, wewe hujioni." Kisha akashusha sauti: "Umependeza, Baba Tumaini."

Bodaboda ikatokea ukunguni, nikapanda. Ndipo Mzee akanirudishia kamera kwa mikono miwili.

"Sikia. Wazazi wako wakija, waambie wavae makoti mazito. Makambako mna upepo tu, hamjui baridi."

Njia yote ya kurudi nilicheka peke yangu kama mwehu. Nimejifunza kwamba ukungu nao ni mwanga, tena mwanga mwema, na kwamba mtu huonekana alivyo pale anapodhani hapigwi picha. Mchana nikawa nyumbani. Mama yangu alikuwa uani anaanua nguo.

"Enhe, picha ilitoka?"

"Mama, una koti zito la kwendea Njombe?"

Nguo zote zikaanguka chini. Alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje.