Gonga na Mkaratusi wa Mama Mkwe

Kwa miaka ishirini na miwili Gonga aliwadanganya watu mara chache sana, na miti hakuidanganya kamwe. Kisha masikio yakamwasi, ikabidi aanze kuwadanganya wote.

Jina la Gonga alilipata kazini. Alikuwa mkata miti, na kabla hajawasha msumeno wake wa injini aliuzunguka mti akiugonga kwa mgongo wa shoka, sikio kalibandika kwenye gome. Mbao nzima hutoa mlio mkavu. Mbao iliyooza hulia kama mlango wa chumba kitupu. Kwa milio hiyo alijua akate upande gani na mti uangukie wapi. Wenzake walitoboa kwa keekee, wakachungulia unga unaotoka. Yeye aliwacheka. "Kwani huo ni mti au jino?" aliwauliza.

Msumeno uliomlisha ndio uliomharibia masikio. Kujiziba masikio kazini aliona ni mambo ya watu wanaojipaka losheni viwikoni. Sikio la kushoto likatangulia, la kulia likalifuata bila kuaga. Hakumwambia mtu. Badala yake akawa mzungumzaji mkubwa, maana anayeongea yeye hana haja ya kusikia. Wenzake wakicheka, naye alicheka, amechelewa kidogo tu. Ukimuuliza swali, alikutazama midomo kama mwenye njaa anavyotazama sufuria, kisha akakujibu, "Ndiyo hivyo hivyo." Jibu hilo lilifaa kwa maswali mengi kuliko hotuba nzima ya mheshimiwa yeyote. Mtaani wakasema umri umemwongezea busara.

Basi mkaratusi wa mama mkwe wake ukafa.

Ulisimama hatua nne kutoka ukuta wa nyumba ya mama, mrefu kuliko nguzo mbili za umeme zikiunganishwa, gome limebambuka, matawi meupe kama mifupa. Tawi moja nene kama paja lilikuwa limeshashuka na kutoboa bati la stoo. Na chini ya mti huo huo, kwenye chumba cha mbele, mama mkwe alikaa na cherehani yake kutwa nzima akishona sare za shule.

Mama mkwe aliongea huku amebana pini sita midomoni. Kwa mtu anayesikiliza kwa macho, hilo lilikuwa balaa. Kwa miaka miwili Gonga hakuwahi kupata neno lake hata moja, akamwitikia yote. Matokeo yake yule mama aliwatangazia wateja kwamba katika wakwe zake wote ni huyu mmoja tu asiyembishia.

Safari hii mama aliunyooshea kidole mti, kisha msumeno, na ombi likaeleweka bila maneno. Angeukataaje mti wake? Kuukataa kungekuwa kukiri, na mkata miti asiyesikia ni nani atamwita tena? Kuukubali kulikuwa kuweka mzigo mzito hivyo juu ya paa la mama, kwa kubahatisha. Gonga akakubali. Akajiambia kwamba mikono inakumbuka.

Siku ya kazi, mafundi wa umeme walishafungua waya. Shemeji yake, kaka wa mkewe, kinyozi mwenye kitambi na maneno, alikuja kushika kamba. Mkewe alikuwa nyuma ya nyumba akihamisha magodoro. Mama mkwe alitoa kichwa dirishani, pini zake midomoni, akasema jambo refu.

"Ndiyo hivyo hivyo, mama," akajibu Gonga.

"Haya," akasema shemeji, akimpa kisogo. "Mwenye kazi kakubali, mimi nani?"

Gonga akauzunguka mkaratusi. Akagonga, akabandika sikio. Akagonga tena. Hakupata kitu ila mtetemo kwenye kiganja. Majirani waliojipanga ng'ambo ya barabara walinyamaza kwa heshima, na yeye angeweza kulia, maana kimya chao na kelele zao kwake vilikuwa kitu kimoja.

"Mgonjwa anasemaje?" shemeji akauliza, safari hii wakitazamana.

"Mzima, upande wa barabara."

Alisema hivyo kwa sababu upande wa barabara ndiko kulikokuwa na uwazi. Yaani mti ulimwambia alichotaka kuambiwa, kama wataalamu wengi wa kukodiwa.

Anayekata mti mkubwa huanza kwa kufungua mdomo, yaani pengo kama kabari, upande unakotakiwa kuangukia. Kisha hukata kutoka nyuma, na katikati huacha ukanda wa mbao bila kuugusa. Ukanda huo ndio bawaba. Ukiwa mzima, mti huinama taratibu kama mlango unavyofunguka. Ukiwa umeoza, mti huanguka unakotaka wenyewe, na huu ulikuwa umeegemea kidogo upande wa nyumba.

Akawasha msumeno, akaanza mdomo. Unga ukatoka mweupe, akapumua. Halafu ukatoka wa kahawia. Halafu ukatoka mweusi, laini, kama majani ya chai yaliyochujwa, na ndani yake mchwa wakijinyonganyonga.

Aliuona. Mkono wake ukaendelea kukata. Sekunde tatu, labda nne, na hizo ndizo alizokuja kuzikumbuka maisha yake yote, kwa sababu alijua na bado alikata. Kisha akainua macho, akaona kupitia dirishani gurudumu la cherehani likizunguka, na kichwa cha mama mkwe kimeinamia kitambaa.

Akazima.

"Vipi?" shemeji akauliza. "Mafuta yamekwisha?"

Hilo lilikuwa jibu zuri, tena la bure. Gonga aliliangalia likielea kwenye midomo ya shemeji, akalitamani.

"Mtoe mama ndani," akasema.

"Si umemkubalia mwenyewe abaki amalizie sare?"

"Sikumsikia."

"Usimsikie vipi, na kapiga kelele mpaka ng'ambo kule wamemsikia?"

"Shemeji, sisikii! Mti sikuusikia, mama sikumsikia, na wewe nakutazama midomo tu, tena ina masharubu. Mtoe mama!"

Ng'ambo ya barabara mtu alicheka. Gonga aliona meno, hakujua ni kichekesho gani.

Mkewe akatokea na godoro kichwani. Gonga akamgeukia, tayari kwa kilio au tusi.

"Najua," mkewe akasema, akitamka polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyokwambia shangazi yako amefariki, ukacheka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, baba watoto? Ungesema ndiyo hivyo hivyo."

Mama mkwe akatolewa, amekumbatia kichwa cha cherehani. Akatema pini kiganjani. "Mwanangu, kumbe miaka yote hii hukuwa unanikubalia?"

"Sijui ulikuwa unasema nini, mama. Nisamehe."

"Nilikuwa naomba uniezekee jiko," akasema mama mkwe. "Mara nne."

Gonga akampa mkewe shoka, akamwonyesha pa kugonga. Mke aligonga, Gonga akimtazama usoni, chaki mkononi. "Kavu," akasema. Kidogo pembeni: "Kama debe." Mbele zaidi: "Debe. Debe." Chaki ilipokamilisha mzunguko, mbao nzima iliyobaki ilikuwa na upana wa viganja viwili, yote upande wa nyumba. Bawaba aliyoitegemea ilikuwa unga na wadudu.

Mti wa namna hiyo haukatwi kutoka chini, na uliokufa hakuna anayeukwea. Gonga mwenyewe ndiye aliyefunga kamba kuzunguka uwanja, mbali kuliko urefu wa mti wenyewe, akawahamisha mpaka majirani wa nyuma. Baada ya siku mbili likaja lori la winchi na watu wengine, wakainuliwa ndani ya kikapu cha chuma, wakaupunguza kutoka kileleni, kipande kwa kipande.

Gonga alisimama nje ya kamba, pamoja na watazamaji. Kila gogo liliposhushwa lilimfikia kwa nyayo. Watu waliozoea kumtania sasa walimpungia mikono miwili, kama wanaofukuza kuku, na walipogeuka kuongea wao kwa wao aliona migongo tu. Hapo zamani asingejali. Sasa kila mgongo ulikuwa unamsema.

Simu yake ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa namba ya mteja mwenye kiwanda cha matofali, aliyekuwa na misonobari saba ya kukata. Alizoea kuziacha simu ziite mpaka zikate, halafu anamfuata mtu mwenyewe alipo. Safari hii akampa mkewe.

"Mwambie fundi hasikii," akasema. "Mwambie tutakuja wawili. Asipotaka, basi."

Mkewe akaipokea, akasema hayo yote, hakupunguza neno. Kisha akanyamaza, simu sikioni, akisikiliza. Gonga akamkazia macho midomoni. Midomo ilikuwa imefungwa, na ikaendelea kufungwa, na yule mtu upande wa pili alikuwa bado anaongea.