Droo ya Vitambulisho

Kwa miaka minane, hakuna mzigo ulioingia katika stoo ya Bwana Mwangangi bila sahihi ya Ndinda Kivuva. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, watu kumi na wanne tu, hatua chache kutoka soko la Kariokor. Walitengeneza mikoba ya mkonge na ngozi, mingi ikienda ng'ambo. Ndinda alikuwa karani wa stoo: mwanamke mwembamba, mwepesi wa kutembea, mgumu wa kucheka. Kwao mtaa wa Ziwani, majirani walimwita Mama Mukai, na plotini kukizuka ugomvi na mwenye nyumba, yeye ndiye aliyetumwa akaseme. Hakujua kusema jambo nusu.

Mapambo ya shanga yalitoka kwa mtu aitwaye Kilonzo, aliyekuwa na karakana mtaani Mukuru kwa Reuben. Kilonzo alisifiwa kwa jambo moja: hakuchelewa. Ukimwagiza mapambo mia tano Jumatatu, Ijumaa yako mlangoni. Hakuna aliyewahi kumuuliza alifanyaje.

Julai ya mwaka 1996, mnunuzi wa ng'ambo alibadilisha rangi ya shanga ghafla. Alitaka nyekundu iliyoiva, si ile ya machungwa. Ndinda alitia sampuli kwenye mkoba akaenda kumwonyesha Kilonzo mwenyewe.

Karakana ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya ukuta wa kiwanda. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua linachoma, na mlango umefungwa kwa kufuli, kwa nje. Ndinda alidhani hakuna mtu. Alikuwa ameshageuka kuondoka aliposikia kikohozi ndani.

Akainama penye ufa wa mabati. "Kuna mtu?"

"Tuko," sauti ya mwanamke ilijibu. "Tuko kumi na tisa. Dada, leo ni siku gani?"

"Jumatano."

Ndani watu wakanong'onezana. Yule mwanamke akasogea mpaka Ndinda akaona jicho lake na ncha ya mtandio. Jina lake lilikuwa Sagal. Alieleza haraka haraka, kama mtu aliyezoea kukatizwa. Kukiwa na oda kubwa Kilonzo huwafungia mpaka iishe. Hulala hapo hapo, juu ya magunia. Chakula hupitishwa mlangoni.

"Na moto ukishika?"

"Huwa tunajiuliza hivyo kila tukisikia harufu ya moshi."

"Kwa nini hamtoki mkaenda zenu siku akifungua?"

"Twende wapi? Alichukua vitambulisho vya hawa wote siku ya kwanza. Mimi alichukua karatasi yangu ya ukimbizi. Nikikutwa barabarani bila hiyo, nashikwa. Ati anatuwekea visipotee."

Ndinda aliitundika sampuli kwenye kufuli, akaondoka pale bila kumsubiri Kilonzo. Alitembea kwa miguu hadi Kariokor, na maneno mawili ya mwisho yalimganda kichwani. Anatuwekea visipotee. Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Kila kibarua mpya alipoajiriwa, Ndinda ndiye aliyempokea kwa tabasamu, akanyoosha mkono na kusema, "Lete kitambulisho nikuwekee, kisipotee." Kisha hukifungia kwenye droo ya meza yake. Kibarua hurudishiwa siku ya kuacha kazi, kama bosi ameridhika.

Bwana Mwangangi alimsikiliza huku akipanga makaratasi. "Mambo ya Kilonzo ni ya Kilonzo," alisema. "Sisi tunanunua shanga."

"Shanga zinatungwa na watu, Mzee. Watu wenyewe wamefungiwa kama kuku."

"Na wewe unafunga nini kwenye droo yako? Usijifanye mtakatifu hapa, Mama Mukai."

Neno hilo lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Marehemu baba yake, Mzee Kivuva, aliwahi kufanya kazi katika shamba la mkonge la mzungu, upande wa Thika, akivaa kipande, kile kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni, shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Alisimulia jinsi mwenye shamba alivyokataa kukitia sahihi, naye akabaki mwaka mzima mahali asipotaka, kwani bila sahihi ile hakuna kwingine angeajiriwa. Ndinda aliisikia hadithi hiyo utotoni mara nyingi, akamlaani mzungu yule. Halafu akakua, akapewa ufunguo wa droo, na hakuwahi kuona kufanana kokote.

Kesho yake saa nne, watu walipokusanyika kunywa chai, aliingia karakana ya mikoba akiwa amebeba droo nzima mikononi. Akaiweka juu ya meza ya kukatia ngozi na kuanza kuita majina.

Koki, fundi wa cherehani, alipoitwa alirudi nyuma. "Tumefutwa?"

"Hapana. Hiki ni chako. Kaa nacho."

"Na bosi?"

"Bosi anacho chake."

Koki alikipokea, akaangalia picha kama anayehakikisha ni yeye, akakisukuma ndani ya blauzi. Wengine wakaja mmoja mmoja. Nzuki, mkata ngozi, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa hajakiona chake tangu mwaka wa tisini na mbili. Alikifuta kwa aproni, pande zote mbili.

Mwangangi alitokea mlangoni, uso umemwiva. "Nani amekupa ruhusa?"

"Na wewe ulipewa na nani, Mzee, ya kuvichukua? Mimi nilikusaidia miaka minane. Nimeacha."

"Basi na kazi uache!"

"Utanifuta nikishapokea mzigo wa Ijumaa. Au nikishaukataa."

Ijumaa pikapu ya Kilonzo ilifika mapema kama kawaida, imejaa makatoni. Kilonzo alishuka akitabasamu, akamnyooshea Ndinda daftari atie sahihi. Ndinda akafunika kalamu.

"Haiingii."

"Kuna kasoro?"

"Shanga hazina kasoro. Kasoro ni kufuli lako."

Kilonzo akacheka, akamtazama Mwangangi. "Mzee, huyu mama ndiye mwenye kampuni siku hizi?"

"Tia sahihi, Ndinda," Mwangangi alisema.

"Tia wewe. Andika na jina lako kamili, ijulikane ni nani aliyepokea."

Mwangangi alichukua kalamu. Ndipo Nzuki, aliyesikia yote kutoka mezani pake, akaweka kisu chake chini. Koki akazima cherehani yake, ikafuata ya pili, na ya tatu, mpaka karakana ikawa kimya hata kelele za soko zikasikika. Walisimama tu, vitambulisho mifukoni, na Mwangangi akaelewa kwamba leo wanaweza kutoka pale na kwenda popote.

"Mnataka nini?" aliuliza.

"Twende Mukuru," Ndinda alisema. "Saa hii. Ukaone kwa macho yako, halafu uamue."

Wakaenda na pikapu ile ile, Ndinda na Nzuki wameketi juu ya makatoni. Kilonzo alidai ufunguo umepotea. Mwangangi alikuwa ameinama penye ufa, kiganja puani kwa sababu ya harufu. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Fungua, Kilonzo. Usipofungua, Nzuki atavunja kwa nyundo, na mzigo wako utarudi nao nyumbani."

Ufunguo ukapatikana. Wanawake wakatoka wakikinga macho. Sagal alifika kizingitini akasimama, akashika nguzo za mlango kwa mikono miwili.

"Sitoki mpaka nione karatasi yangu."

"Toka, tutaongea," Kilonzo alisema.

"Tumeongea vya kutosha. Lete."

Aliileta, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, pamoja na vitambulisho vya wote. Sagal alisoma majina kwa sauti, akagawa mpaka mkebe ukabaki mtupu, na ndipo akavuka kizingiti.

Mambo hayakunyooka yote. Walipoenda kushtaki polisi, jina la Kilonzo liliandikwa kwenye kitabu na likabaki huko. Oda ilichelewa wiki tatu. Mwangangi hakumfuta Ndinda, lakini hakumsalimia hadi Septemba. Wanawake wanane walikuja kutunga shanga Kariokor, mlango wazi, na saa kumi na moja jioni kila mmoja akaenda kwake. Sagal alikataa. Alijiunga na shangazi yake Eastleigh kuuza vitambaa. "Shanga nimeziona za kunitosha," alimwambia Ndinda.

Ndinda aliandika kwenye kipande cha katoni na kukipigilia mlangoni pa stoo: HATUSHIKI KITAMBULISHO CHA MTU. MZIGO WA MAHALI TUSIPORUHUSIWA KUINGIA HAUPOKELEWI. Mwangangi alikitoa mara mbili. Mara ya tatu alikiacha.

Miaka miwili baadaye, Ndinda alikwenda kwa muuza ngozi mpya, mwenye geti refu. Askari alimpa sampuli, akamwambia wageni hawaingii, lakini ngozi ni nzuri, bei pia itapunguzwa.

"Wanaofanya kazi humo, huwa wanatoka saa ngapi?" Ndinda aliuliza.

"Hilo halikuhusu, mama."

Alimrudishia sampuli mkononi. "Mwambie bosi wako hatununui," alisema, akaanza kuondoka, na askari alipomwita amsubiri meneja hakugeuka.