Siku Niliyokata Uzi wa Maji

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa masikio kwanza. Nilisikia watu wakipiga kelele nje, nikadhani wananishangilia.

Nimejaribu kukusimulia jambo hili mara nyingi nikaacha, maana kila nikilisema naona sijalisema sawasawa. Ndivyo nilivyo tangu ujana: kitu kikipinda kidogo tu, usingizi sipati. Lakini nasikia wewe na wenzako mnataka kufunga mtambo wa umeme kwenye kijito chetu hapa Mbololo, na mmeshapima maporomoko. Basi leo nitasema hivyo hivyo, hata likitoka limepinda.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa nafagia karakana moja kule Voi. Ufundi hakuna aliyenifundisha. Niliuiba kwa macho, nikichungulia mafundi, na kwa kitabu cha umeme kilichotupwa, nusu ya kurasa zimeliwa na mchwa. Kila neno la Kiingereza lililonishinda niliandika kwenye daftari, nikaliulizia. Nilipoelewa kwamba maji yanaweza kuzungusha gurudumu, gurudumu likazungusha dainamo na taa ikawaka, sikutulia tena. Niliacha ufagio nikapanda nyumbani mlimani.

Dainamo niliipata kwa Nyanya Mkamburi, jirani yetu wa upande wa chini. Alikuwa mjane, msusi wa vikapu vya katani, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Baiskeli yenye dainamo ilikuwa ya mwanawe, aliyekwenda vitani ng'ambo asirudi. Miaka yote hiyo ilisimama ukutani, na hakuna aliyeruhusiwa hata kupiga kengele yake.

"Ichukue," aliniambia. "Lakini taa ya kwanza ni yangu. Nimechoka kusuka kwa kupapasa kama mwizi wa kuku."

Nikaapa kwamba itakuwa yake.

Maji yetu yalishuka kwa mfereji uliochimbwa na babu zetu kutoka kwenye kijito hicho kule msituni, ukipita shamba hadi shamba. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya maji. Yetu ilikuwa Alhamisi. Siku yako unaziba mfereji kwa mawe na kigogo cha mgomba, unayageuza maji, unamwagilia. Lakini hukuruhusiwa kuziba kabisa. Ilikuwa lazima uache maji membamba, unene wa kifundo cha mkono, yaendelee kuwashukia walio chini, ya kunywa na ya kupikia. Maji hayo tuliyaita uzi. Uzi haukuwa wa mtu yeyote, na hata mtoto wa juzi alijua kwamba haukatwi.

Mimi niliukata.

Gurudumu la baiskeli nililifunga makopo pande zote, nikalisimamisha kwenye ukingo wa korongo, mahali maji yangeanguka kwa nguvu. Waya niliupeleka kwenye kibanda cha mbuzi, nikaziba kila tundu ili nione mwanga hata mchana. Alhamisi ilipofika nikageuza maji, na taa ikawaka. Iliwaka, mwanangu! Lakini ilikonyeza. Inawaka, inafifia, inawaka tena. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nilikasirika. Nikabadilisha makopo, nikakaza dainamo, nikapaka mafuta. Bado ikakonyeza. Ndipo nikautazama ule uzi ukiteleza zake chini, nikajiambia ni maji kidogo, ni kwa saa moja tu. Nikaukandika udongo.

Dada yangu Wakesho alikuwa amesimama ukingoni.

"Kaka, umeziba uzi?"

"Kwa muda tu."

"Mzee Mwadime akiona, atakutundika wewe badala ya taa."

Mzee Mwadime ndiye aliyekuwa mlinzi wa mfereji. Nilicheka. Kicheko kile bado kinanichoma. Nikaingia kibandani, nikafunga mlango. Taa ilikuwa imetulia tuli, nyeupe kama nilivyoiota. Ndipo nikasikia zile kelele. Nikafikiri Wakesho amewaita majirani waje kuona gurudumu. Sikutoka. Niliketi kidogo zaidi, nifurahie kazi yangu.

Mlango ulipigwa teke. "Toka!" Wakesho alilia. "Kwa nyanya kunaungua!"

Nilipotoka niliona moshi, nikakimbilia huko chini. Mahindi yaliyokuwa yakikaushwa darini juu ya meko yalikuwa yameshika moto, na nyasi za paa zikafuata. Wanawake walikuwa wamejipanga kando ya mfereji na madebe yao, na ndani ya mfereji hamkuwa na kitu ila tope linalong'aa na chura mmoja anarukaruka. Mama mmoja alikuwa akichota tope lile kwa viganja na kulirusha kwenye paa.

Nilirudi mbio nikabomoa udongo wangu. Maji yakashuka, nami nikakimbia kando yake. Sikujua kwamba maji huwa yanatembea polepole namna ile! Yalijaza kila shimo, yakanywewa na udongo mkavu, nami nayasukuma kwa mikono kama mtu anayeswaga mbuzi. Yalipofika, paa lilikuwa limeshaanguka.

Nyanya alikuwa hai, ameketi chini na kikapu kimoja ambacho hakijaisha. Mbegu za msimu ziliteketea, pamoja na vikapu vya kupeleka soko la Voi, na barua mbili za mwanawe.

Nilisema mwenyewe kabla sijaulizwa. "Ni mimi. Niliziba uzi."

Nilingoja kipigo. Hakuna aliyeinua mkono. Mzee Mwadime aliuliza tu, "Maji hayo uliyapeleka wapi?"

"Korongoni."

"Nani anaishi korongoni?"

Niligeuka nikalitazama korongo. Akasema, "Kila kopo la gurudumu lako unalijua. Huku chini hukumjua mtu." Akaniacha nimesimama palepale.

Nilimjengea nyanya nyumba pamoja na vijana wengine, na nikamchotea maji mpaka mavuno. Gurudumu nilitaka kulivunja. Yeye ndiye aliyekataa.

"Na taa yangu?" aliuliza.

Basi nililihamisha, nikaliweka mahali ambapo maji yakishalizungusha yanarudi mferejini, na uzi nisiuguse. Nguvu ilikuwa ndogo. Taa ikawaka nyumbani kwake, nyanya akaitazama.

"Inakonyeza," alisema.

"Nisamehe, nyanya. Siwezi kuituliza."

"Iache. Hata mimi nikisuka nakonyeza."

Sikuigusa tena. Ilikonyeza hivyo hivyo mpaka alipofariki.

Basi, mwanangu, maporomoko mmeyapima, vizuri. Sasa shukeni na mfereji mpaka nyumba ya mwisho kabisa, mketi, mmwulize mwenye nyumba huchota saa ngapi na maji yakikatika hufanya nini. Mtambo wenu uyarudishe maji mahali ulipoyatoa. Taa ikikonyeza, ivumilieni. Na ukisikia kelele nje, toka upesi. Usikae kudhani unashangiliwa.

Mungu abariki maji yatakayopita mikononi mwako, na yamfikie yule wa mwisho yakiwa bado yanatosha kuzima moto.