Betri Ilibaki Mezani

Wanafunzi wangu hucheka nikifika sehemu hii ya somo, na wewe pia una ruhusa ya kucheka. Ninachoomba ni kwamba ukae nami mpaka mwisho. Mambo haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote na bisibisi mkononi. Shahidi wangu alikuwa baba yangu. Sasa hayupo tena, na kuna jambo limetokea tangu tumzike ambalo limenifanya niandike haraka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati simu za mkononi zilikuwa bado ngeni kwetu. Mimi ni mtoto wa askari magereza. Nilizaliwa katika nyumba za askari pale Jinja, ambako kila familia ilitoka upande wake, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Baba alipostaafu tulihamia Bugembe, kando ya Jinja, na mimi nikaenda Mbale kusoma kozi ya miezi sita ya ufundi wa simu. Chuo kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, mwanamke mimi peke yangu.

Mwalimu wetu, Mwalimu Barasa, alikuwa Mkenya kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu mfupi mwenye sauti ya kuhubiri. Alitufundisha vizuri, na hebu nikufundishe wewe jinsi alivyotufundisha, maana bila hili hutaelewa kilichonitisha. Alisema simu ina vitu vitatu. Kuna mwili, yaani ile simu yenyewe unayoishika. Kuna kadi, ile ndogo unayoichomeka ndani, na hiyo ndiyo jina. Halafu kuna betri, ambayo ndiyo pumzi. Mwili bila jina, mnara hauujui. Jina bila mwili haliwezi kusema. Na vyote viwili bila pumzi ni maiti tu.

"Tena simu haikai kimya," alituambia. "Hata ukiwa umelala nayo mfukoni, kila baada ya muda inauambia mnara: mimi nipo. Mnara unajibu: nimekusikia."

Masaba, mcheshi wa darasa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, yaani hata nikiwa kwa mchumba, mnara unajua?"

"Mnara unajua. Mchumba wa pili ndiye hajui."

Darasa likaangua kicheko. Nami, kwa kuwa watu walikuwa wamechangamka, nikasema kwamba bibi yangu, mama yake baba, alitukataza kabisa kumwitika mtu tusiyemwona. Ukisikia jina lako linaitwa nje, unafunga mdomo, unatoka, unatafuta uso. Ukiuona uso, ndipo unaitika. Sasa simu je? Si kazi yake yote ni kumwitika mtu usiyemwona?

"Bibi yako angefeli kozi hii," Mwalimu Barasa akasema, na mimi nikacheka kuliko wote. Mpaka leo kile kicheko changu kinaniuma.

Karakana yetu ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: usifungue simu kabla ya kutoa betri. Ya pili: usiweke kadi yako mwenyewe katika simu ya mtu usiyemjua. Ilikuwepo kadi ya darasa kwa ajili ya majaribio, na Mwalimu aliifungia kwenye droo. Sababu yake ilikuwa ya kawaida tu. Simu huenda imeibwa, na ukiweka kadi yako ndani, mnara unaandika kwamba mwili ule umebeba jina lako.

Sasa njoo kwenye Jumamosi ile. Wenzangu walikuwa wamekwenda kutazama mpira, na mimi nilibaki kufanya mazoezi ya kuunganisha nyaya. Ilikuwa kama saa tisa mchana. Mvua ilikuwa ikipiga mabati yaliyopangwa nje ya lile duka la chini kwa kishindo, mtu huwezi kusikia hatua kwenye ngazi. Nilipoinua kichwa, mwanamume alikuwa amesimama upande wa pili wa meza.

Alikuwa amevaa sweta ya kijani ya jeshi, ya zamani, viwiko vimechanika. Umri wake sikuweza kuukadiria. Kwa mtoto wa nyumba za askari, hilo halikuwa jambo la kutisha. Nilimwamkia kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, afande."

Hakuitikia. Aliweka simu mezani. "Dada, hii simu yangu haishiki mnara. Weka kadi yako tu, tuone."

Nikamwambia kadi ya majaribio imefungiwa, arudi Jumatatu. Akatabasamu. "Jumatatu iko mbali. Wewe si fundi?"

Unajua neno hilo lilinifanya nini? Tangu nianze kozi, watu walioleta simu pale walinipita wakaenda kwa Masaba, ambaye hakujua hata kushika bisibisi. Huyu ndiye wa kwanza kuniita fundi. Na kadi nilikuwa nayo, kaka yangu alininunulia. Simu ya kuitia ndiyo sikuwa nayo. Nikajiambia, dakika moja tu, kuna ubaya gani?

Zile simu za wakati ule, betri ndiyo iliyokuwa mgongo wake, na kadi hukaa chini ya betri. Nikatoa betri, kama sheria inavyosema. Ilikuwa nyepesi ajabu, kama pakiti tupu ya sigara. Nikaiweka mezani, kulia kwangu. Nikachomeka kadi yangu. Nikanyoosha mkono kuchukua betri niirudishe.

Simu ikawaka.

Niamini, nilitazama mara tatu. Betri ilikuwa mezani. Simu ilikuwa mkononi mwangu, mgongo wazi, kadi yangu inaonekana, na kioo kimewaka, na vile vijiti vya mtandao vimejaa vyote. Katika chumba kile hata simu ya Mwalimu ilikuwa haipati zaidi ya viwili. Na kabla sijaiachia, ikaita.

"Pokea," akasema afande. "Ni yako."

Kwa nini nilipokea? Nimejiuliza miaka yote. Nadhani mkono ulikuwa umefundishwa, ukafanya ulichofundishwa. Nikaiweka sikioni, na sauti niliyoidhani ya baba ikaniita kwa jina langu la nyumbani, jina ambalo Mbale nzima hakuna aliyelijua.

Nikaitika. "Naam, baba. Nipo."

Upande wa pili nikasikia majani makavu yakisuguana, kama upepo unapopita katika shamba la mahindi. Halafu nikasikia sauti ya msichana ikisema polepole, kama mtu anayejifunza lugha ngeni: "Naam, baba. Nipo." Kisha tena, vizuri zaidi. Mara ya tatu ilikuwa sauti yangu kabisa, mpaka ule mkwaruzo wa mafua niliyokuwa nayo wiki ile.

Afande aliichukua simu taratibu kutoka mkononi mwangu. Akatoa kadi yangu akanirudishia, kwa adabu, kwa mikono miwili. "Asante, dada. Mimi ilikuwa nataka kusikia tu." Akashuka ngazi. Nilipofika dirishani, barabara ilikuwa na maji tu.

Betri aliiacha. Niliipima kwa mita, mshale haukutikisika. Nilipoibandua kifuniko, ndani mlikuwa na udongo mwekundu, umegandamana kama wa kichuguu, na punje mbili za mahindi.

Usiku ule sikulala. Asubuhi, Jumapili, kwenye saa tatu, nilikwenda kwenye kibanda cha simu karibu na soko nikapiga dukani kwa Mama Kevina pale Bugembe, ambako majirani wote walipokelea simu zao. Nilitaka tu kuisikia sauti ya baba, nijue mzima.

"We mtoto!" Mama Kevina akafoka. "Si umepiga saa moja? Baba yako ameondoka zamani!"

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Usinichezee. Mimi mwenyewe nimepokea, nimekusikia unalia. Umesema umevunjika mguu, akufuate Busiu, atakukuta kando ya barabara. Mzee hata chai hakumaliza."

Niliacha simu inaning'inia. Busiu iko karibu na Mbale, na baba alikuwa anatoka mbali kwa kupitia Tororo, kwa hiyo nilijua naweza kufika kabla yake nikiwahi. Nilikuwa nimeelewa jambo moja tu, lakini lilinitosha: sauti yangu ilikuwa inamwita baba yangu, na mimi ndiye niliyeitoa.

Gari likachelewa kujaa. Niliposhuka Busiu, gari lililotoka Tororo lilikuwa limekwisha kumshusha. Nilimwona ng'ambo ya barabara, amevaa koti lake la mvua la magereza, ameshika fimbo, ameinamisha kichwa upande kama anayesikiliza. Mbele yake palikuwa na shamba la mahindi marefu, yaliyokauka, tayari kuvunwa. Mguu wake mmoja ulikuwa barabarani. Mwingine ulikuwa ndani ya mahindi.

Nami nikaisikia sauti yangu ikilia humo shambani. "Baba! Niko hapa, baba. Mguu wangu. Mbona huitiki?"

"Baba!" nikapiga kelele kutoka huku barabarani.

Alisimama. Fikiria hali yake. Mtoto mmoja anaita kutoka mbele, mtoto yuleyule anaita kutoka nyuma, sauti ni moja, kilio ni kimoja. Wewe ungefanya nini? Yule wa shambani akazidisha: "Usimsikilize, baba, itika tu! Sema naam, nitakuja mwenyewe!"

Niliona mdomo wa baba ukifunguka. Kisha niliona ukifungwa. Akaubana kwa nguvu, kama mtoto aliyekanywa na mama yake, akageuka taratibu kutafuta uso. Uso uliokuwepo ulikuwa wangu.

Alivuka barabara bila kusema neno. Nilifikiri atanikumbatia. Badala yake alinifunika mdomo kwa kiganja, akanishika hivyo, na wakati huo huo sauti ya shambani ikakatika. Alipolegeza kiganja nikavuta pumzi kutaka kusema, na kule mahindini nikasikia pumzi hiyohiyo ikivutwa. Akanifunika tena. Tulitembea hivyo, mzee na bintiye mkubwa, mkono wake mdomoni mwangu, hadi kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi karibu na kituo.

Mama yule hakushangaa. Alitupa vigoda, akatazama mkono wa baba, akauliza, "Afande wa sweta?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Wakati ule wa wanajeshi, wanaume walikuwa wanajificha mle kwa mahindi," akasema, huku akigeuza mahindi yake motoni. "Yeye alikuwa hawatafuti. Anashika mtoto tu, anamwambia, ita baba yako. Mtoto anaita."

"Na baba anatoka?" baba yangu akauliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza.

"Hana haja kutoka. Akiitika tu, wanajua pale iko. Wanapiga risasi." Alipuliza makaa. "Afande mwenyewe alikufa hapohapo, kwa shamba. Lakini kuita hajaacha. Zamani alikuwa anaita kwa sauti yake, watu wanaikimbia. Sasa mzee, wewe uliitika?"

Baba alitazama kule shambani. "Hapa, hapana," akasema. "Lakini kwa simu, asubuhi, nilisema: naam, mwanangu, nakuja."

Mama yule hakutuuzia mahindi. Alituambia tupande gari linalokuja, lolote lile, hata likiwa linakwenda tusikotaka. Ndani ya gari, mbali na mahindi, ndipo baba alipoutoa mkono wake mdomoni mwangu.

Jumatatu nilimpa Mwalimu Barasa ile betri. Alitazama udongo, akatazama zile punje, akaniuliza kama nilitumia kadi yangu. Nikakiri. Nilingoja anigombeze. Alifuta tu ubao, akaandika ile sheria ya pili kwa herufi kubwa, na hakumtania tena bibi wa mtu yeyote. Kadi niliikata vipande.

Baba hakushika simu tena maisha yake yote. Mimi nilimaliza kozi, nikawa fundi, kisha mwalimu hapa Jinja, nimefundisha mamia ya vijana jinsi sauti inavyosafiri, lakini baba yangu mwenyewe sikuweza kumpigia. Nikitaka kumjulia hali, nilikwenda Bugembe. Hata nikisimama mlangoni nikabisha na kumwita, alinyamaza mpaka afungue na kunitazama. Na siku za mvua kubwa alikaa ndani na kujifunga kitambaa masikioni. Alijua kwamba amekwisha kuitika mara moja, na hakutaka kuitika mara ya pili.

Alifariki mwaka jana, kitandani mwake, mkono wake katika mkono wangu. Nilimwinamia nikamwita. Hakujibu. Alifungua kwanza jicho moja, kwa shida, akanitazama uso wote, kuanzia paji mpaka kidevu. Ndipo akasema, "Naam." Lilikuwa neno lake la mwisho, na nalishukuru, kwa sababu lilikuwa langu mimi.

Nilidhani yameishia pale. Wiki mbili baada ya mazishi, binti yangu, ambaye anaishi Budondo, aliniuliza kwa nini nilimpigia alfajiri nikalia tu bila kusema. Simu yangu wakati huo ilikuwa mezani karakanani, imefunguliwa vipande, betri pembeni. Nilimwuliza kama aliitika. Akasema hapana, alipokea akiwa na usingizi, akasikia kilio changu, akaitazama tu namba asiyoijua mpaka sauti ikakoma.

Kwa hiyo wewe unayejifunza kazi hii, jifunze kwa moyo, ni kazi nzuri na nitakusaidia kila ninapoweza. Lakini kadi yako usiiweke katika mwili usioujua, hata mtu akikuita fundi. Na ikiwa tunajuana, mimi nawe, shika hili moja: siku ukinisikia kwenye simu nalia, nakuomba unifuate mahali fulani kando ya barabara, usiseme naam. Kata simu. Uje kwanza nyumbani kwangu, ubishe hodi, utazame uso wangu.