Ukanda Wenye Tundu

Niliacha shule ya misheni mapema, kwa sababu nilitaka kuona barabara inaishia wapi. Nilipofika Songea vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, na njaa nayo ilikuwa imeanza kuchoka. Nilikuwa na wembe mmoja wa kukunja, niliopewa na mfanyabiashara wa Kiyao kwa kumbebea mizigo toka Nakapanya. Nikajifanya kinyozi.

Bomani kulikuwa na shaushi, mkubwa wa askari, Mnubi mwenye ndevu ngumu kama msasa. Kinyozi wake alikuwa amemkata kidevu, akala hamsa ishirini, vile viboko vya Wadachi, kisha akahama mji akitembea kama bata. Nafasi yake nikaiomba mimi. Nikaambiwa nije Jumapili, kabla ya gwaride.

Tatizo wembe wangu ulikuwa butu. Niliunoa kwa jiwe na kuumalizia kiganjani, na wateja wangu walinyolewa huku machozi yakiwatoka. Nilihitaji ukanda wa ngozi wa kuupitishia mpaka makali yakae sawa. Lakini ng'ombe walikuwa wameliwa au wametekwa. Aliyebaki na ngozi ni mzee mmoja wa Kingoni kule Ruhuwiko, zamani fundi wa ngao, siku hizo fundi wa makubadhi. Mimi ni Mbena wa Madaba, na Wangoni ni watani wetu.

"Shikamoo, babu. Nasikia siku hizi ngao mnazivaa miguuni, mpate kukimbia vizuri."

"Marahaba, Mbena. Kaa mbali na mbuzi wangu, nimebakiwa na huyo tu."

"Nataka ukanda wa kunolea wembe."

"Wembe wa nini? Babu zako tuliwanyoa bila wembe."

Akapenyeza mkono kwenye nyasi za paa, akavuta ukanda mrefu. Upande mmoja ulikuwa umeparuliwa na kupakwa mafuta, laini kama shavu la mtoto. Upande wa pili ulikuwa na manyoya meusi na meupe. Karibu na ncha palikuwa na tundu la mviringo, upana wa risasi.

"Babu, hii ni ngao!" Serikali ilikuwa imezikusanya na kuzichoma zote. Aliyeficha ngao alifungwa mnyororo.

"Ilikuwa ngao. Sasa nusu yake inatembea mjini. Karani wa boma anafungia suruali. Ukiulizwa, sema ng'ombe."

"Na tundu?"

"Sema alikuwa na jipu."

Akadai chumvi yangu yote pamoja na shati. Chumvi nikampa. Kwa shati tulitukanana mpaka akachoka.

Jumapili nikamkuta shaushi amekaa juu ya sanduku mbele ya nyumba yake. Hapakuwa na mti wala msumari wa kufungia ukanda.

"Lete, nashika mimi," akasema, akauvuta ukakazika.

Wembe ukaimba. Nikampaka povu, shavu la kulia likatoka safi, naye akaguna kwa raha. Nikarudi kwenye ukanda kwa ajili ya shavu la kushoto. Hapo kidole chake kikazama tunduni. Akaugeuza, manyoya yakamtazama.

"Nini hii?"

"Ng'ombe, bwana shaushi."

"Na tundu?"

"Alikuwa na jipu."

Akakizungusha kidole mle ndani. "Jipu hili mimi najua. Nani fundi yako?"

Nikamwona babu akilini, mnyororo shingoni. Shaushi aliutazama wembe, nami nikautazama. Tarumbeta likalia bomani. Nusu ya uso wake ilikuwa uchi, nusu povu.

"Bwana shaushi, nikijibu sasa mkono utatetemeka. Tumalize shavu kwanza?"

Akavuta pumzi. "Nyoa!"

Sijapata kunyoa polepole vile. Tarumbeta lilipolia tena alitoka mbio, akifunga vifungo njiani, bila kungoja jibu.

Nikakimbilia Ruhuwiko. "Babu, jifiche! Ameijua ngao!"

"Manyoya ya ngao humtazama adui. Yalimtazama nani?"

"Yeye."

"Na wewe ulikuwa upande wa nyuma?"

"Ndiyo, babu, lakini..."

"Mbena nyuma ya ngao ya Mngoni!" Akacheka hadi akakohoa. "Nani ataniamini?"

Hakujificha. Wala hakuja mtu kumkamata. Jumapili iliyofuata shaushi aliniita tena, akanyoosha mkono kuupokea ukanda, akaukaza. Dole gumba aliliweka juu ya tundu, akalibana pale mpaka nikamaliza mashavu yote mawili.